Mchagua Nazi Hupata Koroma: Je, Timu Iuze Zamu Yake ya Mbele?

Kila mwaka, ifikapo mwisho wa mwezi wa Aprili, huwako asubuhi moja ya Ijumaa ambapo baadhi ya wanafunzi wangu huingia katika ukumbi wa mihadhara macho yakiwa mekundu. Si mitihani iliyowakesha, wala si anasa za mjini. Huwa wameamka saa tisa za usiku kutazama uteuzi wa wachezaji chipukizi wa NFL, ile ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani, ambao huanza Alhamisi jioni huko kwao, wakati ambapo huku kwetu majogoo hata hawajawika. Hapo awali nilikuwa nikiwakemea. Sasa nimewazoea, tena nimeanza kuwauliza matokeo.

Mmoja wao, kijana hodari wa fonolojia lakini mzembe wa kuhudhuria, alinijia ofisini na swali ambalo halikuhusu fonolojia hata kidogo. Je, timu iliyopata zamu ya mapema katika uteuzi huo ifanye nini: ikae pale pale ichague kijana inayemtamani, au iiuze zamu ile kwa timu nyingine, irudi nyuma katika foleni, na kulipwa zamu kadhaa za baadaye? Nilimjibu kwa ufupi kwamba iuze. Alipokwisha kuondoka nilitambua kuwa jibu langu lilikuwa nusu tu ya jibu, na kwamba nusu iliyosalia ndiyo yenye uzito. Makala haya ni deni lake.

Kwa faida ya wasomaji wasioufuata mchezo huu, sharti nieleze kidogo. NFL ina timu 32. Vijana wanaotoka katika timu za vyuo vikuu hawaendi sokoni kutafuta mwajiri wampendaye, bali timu ndizo zinazopanga foleni na kuwachagua mmoja mmoja, kwa raundi 7. Timu iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita ndiyo inayotangulia, ilhali bingwa hukaa mkiani. Utaratibu huu ulipendekezwa na Bert Bell, aliyekuwa mmiliki wa Philadelphia Eagles, na ukaanza kutumika mwaka 1936. Nia ilikuwa kumfaa mnyonge: aliye chini apewe cha kwanza ili kesho ainuke. Hata hivyo, zamu yenyewe ni mali. Huweza kuuzwa, huweza kubadilishwa kwa mchezaji, na huweza kuahidiwa hata miaka miwili au mitatu kabla haijafika.

Waamerika huliita zoezi hili drafti, kwa jina lile lile walilolitumia kwa kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima, na mwanaisimu hawezi kulipita neno kama hilo bila kusimama kidogo. Kwetu sisi drafti ni mchezo wa barazani, ule wa vifuniko vya soda juu ya ubao wa miraba. Anayeucheza vyema anaijua siri moja: kete moja hutolewa makusudi iliwe, ili mpinzani avutwe hadi mahali ambapo utamla mbili. Mpita njia asiyeujua mchezo hudhani umeshindwa. Sijapata mfano unaoeleza vizuri zaidi maana ya kuuza zamu.

Bei ya zamu haikuachwa kwa kubahatisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, timu ya Dallas Cowboys, chini ya kocha Jimmy Johnson, ilitunga jedwali la alama ambalo baadaye lilienea katika ligi nzima. Kwa mujibu wa jedwali hilo, zamu ya kwanza ina alama 3,000, ya pili 2,600, ya tatu 2,200. Zamu ya 7 ina alama 1,500, ya 16 ina 1,000, na ya 32 ina 590. Yaani kabla hujahesabu vidole vya mikono miwili, thamani imekwisha kupungua kwa nusu.

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha ataliona tatizo la jedwali hili kabla ya kuambiwa. Ninamjua mwanafunzi wangu wa kwanza na ninamjua wa mkia. Lakini mtu anayeniambia kwamba anaweza kumtofautisha wa tatu na wa tisa kwa yakini, na kwamba wa kwanza ana thamani maradufu ya wa saba, mtu huyo namwogopa. Karatasi moja wakipewa wahadhiri wawili, kila mmoja chumbani mwake, hurudi na alama mbili, na ugomvi juu. Nasi tunasahihisha kitu ambacho kimekwisha kuandikwa! Wateuzi wa Marekani wanasahihisha insha ambayo kijana wa miaka 21 au 22 bado hajaianza.

Wasomi wawili wa Kimarekani, Cade Massey na Richard Thaler, waliyapima mambo haya kwa takwimu. Utafiti wao ulianza kusambazwa mwaka 2005 na ukachapishwa katika jarida la kitaaluma mwaka 2013. Thaler ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017. Waliwachukua wachezaji wanaocheza nafasi moja uwanjani, wakauliza: yule aliyetangulia kuteuliwa humshinda anayemfuata mara ngapi? Jibu lilikuwa asilimia 52. Ukirusha sarafu utapata 50. Waligundua pia kwamba ubora wa wachezaji hushuka polepole kadiri foleni inavyosonga, lakini bei ambayo timu hulipana kwa zamu hushuka kama jiwe lililotupwa kisimani. Panapokuwa na pengo la namna hiyo kati ya bei na thamani, mwenye busara ni yule anayeuza.

Si kwamba wateuzi hawajitahidi. Kila mwaka vijana hukusanywa mjini Indianapolis wapimwe urefu, uzito, mbio za yadi 40 (takriban mita 37), na mara ngapi waweza kuinua chuma cha ratili 225, yaani kilo 102 hivi. Wanaulizwa maswali, wanakaguliwa meno na magoti. Tazama mnunuzi wa nazi sokoni: huitikisa sikioni, huigonga kwa ukucha, huirudisha, huchukua nyingine. Wahenga walikwisha kumwonya kwamba mchagua nazi hupata koroma. Koroma, kwa wasiokulia pwani, ni ile iliyokwisha kupita udafu na haijawa nazi: haifai kunywewa wala kukunwa. Kwa nje huwezi kuijua. Basi mtu asiyeweza kuona ndani ya nazi, na akakiri kwamba hawezi, hatafuti ile moja iliyo bora; hununua tano kwa bei ya moja.

Historia yenyewe ilianza kwa kichekesho. Kijana wa kwanza kabisa kuteuliwa, mwaka ule wa 1936, alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, nyota wa wakati wake. Hakucheza hata mechi moja ya NFL. Hakukubaliana nao kuhusu malipo, akaenda kufanya kazi nyingine. Kinyume chake, Tom Brady aliteuliwa wa 199 mwaka 2000, baada ya kila timu kumpita zaidi ya mara moja, naye akashinda ubingwa mara saba. Najua kwamba kisa cha Brady hutajwa kupita kiasi na kwamba wengi wa wanaoteuliwa baada ya zamu ya 150 husahauliwa mapema. Nakitaja kwa sababu moja tu: hata timu iliyomchukua haikujua imechukua nini. Ingalijua, isingalingoja hadi raundi ya sita.

Mfano mkubwa wa faida ya kuuza ni ule wa Dallas, ingawa wao waliuza mchezaji badala ya zamu. Mwaka 1989 timu hiyo ilikuwa hoi, msimu mzima ilishinda mechi moja na kupoteza 15. Mwezi wa Oktoba mwaka huo ilimtoa nyota wake pekee, Herschel Walker, kwa Minnesota Vikings, nayo ikalipwa wachezaji kadhaa pamoja na lundo la zamu za miaka iliyofuata. Watu walidhani kocha Johnson amerukwa na akili. Kwa zamu mojawapo ya zile, na nyongeza kidogo, Dallas walisogea hadi nafasi ya 17 mwaka 1990 wakamchukua Emmitt Smith, ambaye hadi leo hakuna aliyekimbia na mpira yadi nyingi kumshinda katika historia ya ligi. Ubingwa ulifuata Januari 1993, ukarudi Januari 1994, na tena Januari 1996.

Na mfano wa upande wa pili: mwaka 1999 kocha Mike Ditka wa New Orleans Saints alimpenda mkimbiaji mmoja, Ricky Williams, kiasi cha kutoa zamu zote za timu yake za mwaka huo, na juu yake zamu ya raundi ya kwanza na ya tatu za mwaka 2000, ili asogee hadi nafasi ya tano. Msimu huo Saints walishinda mechi 3 wakapoteza 13, na Ditka akafukuzwa. Kijana mwenyewe hakuwa mbovu. Lakini mchezo huu huchezwa na watu 11 kwa wakati mmoja, na kumi waliosalia hawakupatikana.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wengi hulipita upesi, nalo ndilo linalonifurahisha zaidi. Katika soko hili, zamu ya mwaka ujao huhesabiwa kuwa imeshuka raundi nzima: ukitaka zamu ya raundi ya tatu leo, utatoa ya raundi ya pili mwakani. Massey na Thaler waliipiga hesabu riba iliyojificha humo wakaikuta inazidi asilimia 100 kwa mwaka. Hata wakopeshaji wa mitaani wanaoshika vitambulisho vya walimu wetu huona haya kutoza kiasi hicho hadharani. Kwa hivyo timu inayokubali kungoja mwaka mmoja hukopesha kwa riba ambayo hakuna benki itakayoitoa, na mkopaji hulipa kwa hiari, tena akitabasamu mbele ya kamera.

Hadi hapa nimelitetea jibu nililompa kijana ofisini. Sasa nije kwenye nusu nyingine.

Mwaka 2012 St. Louis Rams waliiuzia timu ya Washington zamu ya pili, ili Washington wamchukue Robert Griffin, mrushaji mkuu wa mpira, yule ambaye wenye mchezo wao humwita kwotabeki. Rams walilipwa zamu ya sita ya mwaka huo, zamu ya raundi ya pili, na zamu za raundi ya kwanza za mwaka 2013 na 2014. Griffin aling'ara msimu mmoja, akaumia goti, na hakurudi alivyokuwa. Desemba 2014 timu hizo zilipokutana, Rams waliwatuma katikati ya uwanja, wakati wa kurusha sarafu, wachezaji waliopatikana kutokana na biashara ile. Kejeli gani kuishinda hiyo? Washington walichapwa 24 kwa 0.

Lakini tuitazame Rams yenyewe. Kuanzia 2012 hadi 2016 haikupata hata msimu mmoja ambapo mechi ilizoshinda zilizidi ilizopoteza. Mwaka 2014, zamu ya mwisho ya malipo yale iligeuka kuwa ya pili katika foleni nzima. Waliitumia kumchukua Greg Robinson, mlinzi wa safu ya mbele, ambaye hakudumu. Baadaye jioni ile ile, kwa zamu yao wenyewe ya 13, walimchukua Aaron Donald, ambaye alikuja kuwa mmoja wa walinzi wakuu wa kizazi chake. Nazi mbili kutoka fungu moja, mnunuzi mmoja, siku moja. Rams walishinda biashara, wakashindwa mpira, kwa sababu katika miaka yote hiyo hawakuwa na mrushaji wa kutegemewa.

Hapo ndipo jibu langu la haraka lilipopungua. Nafasi zote uwanjani hazilingani. Kazi ya mrushaji mkuu haigawanyiki. Huwezi kuwaweka watano wa wastani mahali pa mmoja aliye bora, kama vile huwezi kuwaajiri makuli watano mahali pa nahodha. Mwaka 2017 Buffalo Bills waliiuza zamu ya 10 kwa Kansas City Chiefs, wakarudi hadi ya 27, wakapewa zamu ya raundi ya tatu na nyingine ya raundi ya kwanza ya 2018. Kwa jedwali lolote ulitakalo, Bills hawakupunjwa. Chiefs walimchukua Patrick Mahomes, naye akawapa ubingwa Februari 2020, 2023 na 2024. Ni kweli pia kwamba mwaka huo huo wa 2017 Chicago Bears walitoa zamu kadhaa ili wasogee kutoka nafasi ya tatu hadi ya pili, wamchukue mrushaji Mitchell Trubisky, huku Mahomes akiwa bado hajachaguliwa. Walijua wanataka nini. Hawakujua ni nani.

Isitoshe, sheria za malipo zilibadilika. Sam Bradford, aliyeteuliwa wa kwanza mwaka 2010, aliandikiwa mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 78, milioni 50 kati yake zikiwa zimehakikishwa. Mwaka uliofuata, baada ya makubaliano mapya kati ya ligi na chama cha wachezaji, Cam Newton wa zamu hiyo hiyo alipata takriban dola milioni 22 kwa miaka minne. Kosa la zamu ya kwanza halifilisi tena, na mrushaji bora anayelipwa mshahara wa chipukizi kwa miaka minne huiachia timu fedha za kuwanunua wengine. Kwa hiyo hoja ya kuuza imepungua makali tangu 2011. Haijafa, maana aliyepunguziwa bei ya nazi bado haoni ndani ya nazi.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Timu yenye mapengo mengi, na ambayo ama inaye mrushaji au haimwoni wa kuaminika katika kundi la mwaka huo, iuze bila kusitasita, tena ipendelee kulipwa zamu za mwaka ujao. Timu ambayo pengo lake ni la mrushaji, na zamu imeiangukia mkononi, imchukue. Lakini isitoe miaka yake mitatu kumfuata kwenye zamu ya mwingine.

Bears, ambao nimewacheka hapo juu, baadaye walitenda hivyo hasa. Mwaka 2023 walikuwa na zamu ya kwanza, na walikuwa wameamua kuendelea na mrushaji waliyekuwa naye. Wakaiuza kwa Carolina Panthers, wakapata zamu ya 9, zamu ya 61, zamu ya raundi ya kwanza ya 2024, ya raundi ya pili ya 2025, na mpokeaji mahiri DJ Moore. Panthers walimchukua Bryce Young, wakashinda mechi 2 na kupoteza 15, wakamfukuza kocha msimu haujaisha. Kwa kuwa walikuwa wa mwisho, zamu waliyokuwa wameiahidi ikawa ya kwanza kabisa mwaka 2024, nayo ikaenda Chicago. Safari hii Bears hawakuiuza. Walimchukua mrushaji, Caleb Williams. Msimu wake wa kwanza timu ilishinda mechi 5 na kupoteza 12, na kocha akaenda zake. Sioni kwamba hilo linaharibu uamuzi. Uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana siku ulipofanywa.

Ila hao makocha wanaofukuzwa ndio ufunguo wa swali zima. Kwa nini soko hili halijajirekebisha, ilhali utafiti umekuwa wazi kwa miaka karibu ishirini? Kwa sababu anayeuza zamu huvuna baada ya miaka miwili au mitatu, na anayeamua mara nyingi hana hakika ya mwaka mmoja. Johnson aliweza kumtoa Walker kwa kuwa tajiri aliyemwajiri alikuwa ameinunua timu mwaka ule ule na alikuwa tayari kungoja. Ukimpa mtu mkataba wa hofu, atanunua matumaini ya leo kwa fedha za mrithi wake. Hilo si ujinga. Kwa upande wake ni hesabu sahihi kabisa.

Na wale vijana? Katika mazungumzo yote haya wao ni kete. Lugha yenyewe huwasaliti: aliyefaulu akitokea nyuma huitwa wizi, aliyeanguka akitokea mbele huitwa hasara, na wote hao ni watoto wa watu ambao hawakuulizwa wangependa kufanya kazi mji gani. Daniel Adongo, Mkenya mwenzetu, aliingia Indianapolis Colts mwaka 2013 akitoka katika raga, bila kupita katika foleni hii. Jordan Mailata wa Australia, naye mtu wa raga, aliteuliwa wa 233 mwaka 2018 bila kuwahi kucheza mchezo huu, na Februari 2025 alikuwa mlinzi wa safu ya mbele wa Eagles waliotwaa ubingwa. Zamu za namna hiyo, ambazo jedwali huzipa alama mbili tatu, ndizo timu inayorudi nyuma huzikusanya.

Nimemwambia kijana wangu kwamba Aprili ijayo, kabla ya kukesha, asiangalie kwanza orodha ya vijana wala mbio zao za yadi 40. Atazame ni nani mwenye kuamua, na mkataba wake umebakiza miaka mingapi. Hapo atajua kama timu itauza hata kabla ya simu kupigwa. Kisha Ijumaa aje darasani. Mhadhara wa saa mbili hauuzwi, wala haurudishwi nyuma.